The Shirelles

The Shirelles lilikuwa kundi la muziki la wasichana wanne kutoka mji wa Passaic, jimbo la New Jersey, nchini Marekani. Waimbaji wake walikuwa Shirley Owens, Doris Coley, Addie Harris na Beverly Lee. Ndilo kundi la kwanza la wasichana Wamarekani weusi kushika nafasi ya kwanza kwenye chati ya Billboard Hot 100.

Historia

Wanne hao walianza kuimba pamoja wakiwa wanafunzi wa sekondari. Mwanafunzi mwenzao aliwapeleka kwa mama yake, Florence Greenberg, mwenye lebo ndogo ya rekodi iliyoitwa Tiara. Wimbo wao wa kwanza, "I Met Him on a Sunday", waliutunga wenyewe. Ulitoka mwaka 1958, ukachukuliwa na kampuni kubwa ya Decca na kufika nafasi ya 49. Baadaye Greenberg alianzisha lebo ya Scepter, na kundi likarekodi huko.

Kuvuma

Mwaka 1960 walirekodi "Will You Love Me Tomorrow", uliotungwa na Gerry Goffin na Carole King. Mwanzoni Owens hakuupenda, kwani aliona unafanana na muziki wa country. Mtayarishaji Luther Dixon aliutolea na fidla, na Januari 1961 ukashika namba moja. Ndani yake msichana anamuuliza mpenzi wake kama bado atampenda kesho. Wakati huo rock and roll ilitawaliwa na wanaume, na swali kama hilo lilikuwa nadra kusikika redioni kutoka kinywani mwa msichana. "Soldier Boy" ulishika namba moja pia mwaka 1962.

Mgogoro wa mapato

Wasichana hao waliahidiwa kwamba fedha zao zingewekwa akiba mpaka watimize miaka 21. Walipofikia umri huo, hawakuzikuta. Kesi kati yao na Scepter ilimalizika kwa makubaliano mwaka 1965, lakini kipindi cha kuvuma kwao kilikuwa kimepita.

Urithi

Mwaka 1963 The Beatles walirekodi upya nyimbo zao mbili, "Boys" na "Baby It's You", katika albamu yao ya kwanza. The Shirelles waliingizwa katika Rock and Roll Hall of Fame mwaka 1996.