Chai ya ngai-ngai na presha: kipimo kimoja hakitoshi

Tuseme mama mmoja wa Pepa, juu kwenye milima ya Marungu, amepimwa presha, au tansio kama wengi wanavyoiita Kongo, ikasoma 150 kwa 95. Jirani anampa chai nyekundu ya maua ya ngai-ngai, mmea ambao Tanzania huitwa rozela au choya. Baada ya wiki mbili inasoma 138 kwa 88. Je, chai imefanya kazi?

Huenda. Lakini pengine siku ya kwanza alifika kituo cha afya akihema kwa kupanda mlima, akapimwa kabla hajapumzika, moyo ukimdunda kwa hofu. Presha hupanda na kushuka saa kwa saa. Aliyepimwa siku iliyopanda sana mara nyingi ataonekana ana nafuu baadaye, hata asipokunywa chochote. Kwa hiyo ushuhuda wa mtu mmoja, awe mkweli namna gani, hauthibitishi dawa.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Tufts, Marekani, walichapisha jaribio lao mwaka 2010. Walichukua watu 65 ambao presha yao ilikuwa imepanda kidogo, wakawagawa kwa kura. Kundi moja lilikunywa vikombe 3 vya chai hiyo kila siku kwa wiki 6, kila kikombe gramu 1.25 za ua kavu katika mililita 240 za maji. Kundi la pili lilipewa kinywaji cha kufanana nayo. Kwa wanywaji wa chai namba ya juu ya presha ilishuka 7.2, kwa wenzao, 1.3. Hiyo 1.3 ndogo ndiyo yenye thamani kubwa: ni kushuka kunakokuja bila chai. Ukiitoa, inabaki karibu 6.

Tena yalipimwa maua, si majani tunayopika na samaki. Kongo kuna pia mti wa Rauvolfia vomitoria, wenye reserpini mizizini, dawa iliyotengwa mwaka 1952 huko Basel kutoka kwa mmea wa India wa jamii moja na mti huo. Inashusha presha kweli, na ikizidi humtia mtu huzuni nzito. Mzizi uliochemshwa sufuriani hauonyeshi umetoa kiasi gani.

Mwenye vidonge asiviache kwa ajili ya chai. Mwambie muuguzi unachokunywa, pumzika dakika 5 kabla ya kupimwa, mkono uwe usawa wa moyo, na kila namba iandikwe daftarini.