Saa ya mvuvi katika ziwa lisilopwa

Mvuvi wa Pwani akifika mwaloni Bukoba, huenda akauliza kwanza: maji yanajaa saa ngapi? Hayajai, wala hayapwi. Mwezi unaoinua bahari ya Zanzibar kwa mita kadhaa hulitikisa Ziwa Victoria kwa sentimita chache tu, na hakuna anayezihesabu. 

Saa ya hapa ni upepo. Usiku nchi kavu hupoa upesi kuliko maji, basi hewa baridi huteremka kutoka vilima vya Bukoba na Muleba kuelekea ziwani. Mwenye mtumbwi wa kasia anayetoka usiku kupitia kisiwa cha Musira huwa na upepo mgongoni. Mchana mambo hugeuka, upepo ukavuma kutoka ziwani kuelekea nchi kavu na kumrudisha nyumbani.

Ungekuwa mpango mzuri, kama si kilichopo katikati. Pepo za usiku kutoka Bukoba, Musoma, Kisumu na Entebbe hukutana juu ya maji yenye vuguvugu, na hewa ikikosa njia hupanda juu. Mawingu hujengeka, radi huanza, kisha upepo wa mashariki huyasukuma yote magharibi, yaani Kagera. Bukoba hupata takriban milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, nyingi ikinyesha alfajiri na asubuhi. Musoma, ng'ambo, haifikii nusu yake. Migomba ya Wahaya hushukuru. Mvuvi hashukuru, maana alfajiri ndipo anapovuta migonzo, kamba zake ndefu za ndoano. Kambi za Bumbire na Goziba, visiwa vya Muleba, humpunguzia safari ya kasia. Dhoruba hazimpunguzii.

Naye sangara, samaki anayetafutwa kwa migonzo hiyo, ana saa yake. Huyu ni mgeni, aliyepandikizwa upande wa Uganda miaka ya 1950 na 1960, akatawala ziwa zima miaka ya 1980 na kuwafagia furu wenyeji wa aina nyingi. Ila anahitaji oksijeni nyingi majini. Tangu Septemba hivi hadi Aprili, maji yenye vuguvugu hukaa juu ya maji baridi kama kifuniko, na oksijeni ya chini huisha. Migonzo iliyozamishwa mno wakati huo hurudi mitupu, watu wakasema ni mkosi. Kusi ya Juni hadi Agosti huyakoroga maji, na sangara hushuka tena kilindini.

Hali mbaya ya asubuhi haimpati mvuvi peke yake. Asubuhi ya Novemba 6, 2022, yapata saa tatu, hali ya hewa ikiwa mbaya, ndege ya Precision Air yenye watu 43 ilianguka ziwani karibu na uwanja wa Bukoba. Watu 19 walifariki. Waliowafikia kwanza manusura walikuwa wavuvi, kwa mitumbwi na makasia.