Tofali, paa na mpira: kuyafahamu maumbo yenye nyuso nyingi

Kambi ya Dzaleka, wilayani Dowa, ipo umbali usiofika kilomita 50 kutoka Lilongwe, mji mkuu wa Malawi. Tangu mwaka 1994 imewapokea wakimbizi kutoka Kongo, Burundi, Rwanda na kwingineko, na Kiswahili ni miongoni mwa lugha zinazowaunganisha. Mwanafunzi aliyejifunza hisabati kwa Kifaransa huko Bukavu au Bujumbura hulazimika kuiendeleza kwa Kiingereza, lugha ya mtihani wa sekondari nchini Malawi. Ukingo aliouita "arête" sasa ni "edge". Kipeo, yaani "sommet", kimekuwa "vertex". Asiyelitambua neno hupoteza alama za swali ambalo pengine angeliweza kulijibu. Ipo, hata hivyo, mada moja ambayo anaweza kuikagua mwenyewe kwa kuhesabu vitu vilivyo mbele yake: mada ya polihedra.

Polihedra ni maumbo mango ambayo nyuso zake zote ni bapa na kingo zake zote zimenyooka. Tofali la udongo, ambalo nyumba nyingi za Dzaleka zimejengwa kwalo, lina nyuso 6, kingo 12 na vipeo 8. Ndoo na pipa hazimo, kwa kuwa ubavu wake umepinda.

Tofali ni aina ya mche: umbo lenye ncha mbili zinazofanana na kuelekeana, ambalo ukilikata popote sambamba na ncha hizo unapata umbo lilelile. Piramidi ina kitako kimoja tu, na pande zake ni pembetatu zinazokutana kileleni.

Paa la nyumba linahitaji uangalifu zaidi. Paa lenye miteremko miwili hufunika nafasi iliyo mche wa pembetatu uliolazwa: nyuso 5, kingo 9, vipeo 6. Paa la miteremko minne, lenye mgongo mfupi juu, lina hesabu hiyohiyo, lakini si mche, kwani hupungua kuelekea ncha zake. Hesabu pekee, basi, haitoshi kulitambua umbo. Tofauti hiyo huonekana pia mfukoni: miteremko miwili ni mistatili, nayo bati huipokea bila shida, miteremko minne ina pembetatu mbili na trapeza mbili, hivyo bati hukatwa mshazari na vipande hubaki.

Katika karne ya 18, mwanahisabati Leonhard Euler alieleza uhusiano unaoyaunganisha maumbo haya. Jumlisha nyuso na vipeo. Utapata idadi ya kingo na mbili zaidi. Kwa tofali, 6 na 8 ni 14, yaani 12 na 2. Kwa paa, 5 na 6 ni 11, yaani 9 na 2. Kanuni hii hushika kwa kila polihedra isiyo na tundu wala mbonyeo, na katika chumba cha mtihani ni njia ya haraka ya kujihakiki.

Polihedra ambazo nyuso zake zote zinalingana kabisa, kila uso ukiwa na pande sawa na pembe sawa, na kila kipeo kinafanana na kingine, ni tano tu, zisizo na mbonyeo. Sababu yake ni nyepesi kuliko inavyodhaniwa. Ili kipeo kichomoze, nyuso zisizopungua tatu zikutane hapo, na jumla ya pembe zake iwe chini ya nyuzi 360. Pembetatu zinaweza kukutana tatu, nne au tano, miraba mitatu, pembetano tatu. Pembesita tatu hufikisha 360 kamili na kulala bapa kama vigae vya sakafu.

Je, pembesita haziwezi kuunda umbo la mviringo? Zinaweza, zikichanganywa na pembetano. Mpira wa soka wa vipande vyeusi na vyeupe, uliopata umaarufu katika Kombe la Dunia la 1970 nchini Mexico, una pembetano 12 na pembesita 20. Kila kipeo hukutanisha pembetano moja na pembesita mbili: 108, 120 na 120, jumla 348. Nyuzi 12 zilizopungua ndizo zinazoikunja ngozi. Nyuso zake ni 32, vipeo 60, kingo 90, na kanuni ya Euler inatimia. Kwa ukali wa tafsiri, ukishajazwa upepo mpira huo si polihedra tena, maana vipande vyake hutuna. Lakini mishono yake bado inahesabika, iwe uwanjani Dzaleka au katika Uwanja wa Taifa wa Bingu jijini Lilongwe.