Skrini mbili na siri ya mhadhiri ukutani

MHADHIRI amesimama mbele ya wanafunzi. Ukutani, projekta inaonyesha kurasa za somo. Kwenye kipakatalishi chake, barua pepe ziko wazi. Anabonyeza vitufe viwili ili auone ukurasa wa somo kwa karibu, na ghafla barua pepe zinamulikwa ukutani, darasa zima likizisoma. Tarakilishi haina hitilafu. Imetii amri.

Kisa cha aina hii chaweza kumpata yeyote anayetumia mfumo wa Linux pamoja na programu inayopanga madirisha kama vigae. Katika programu hizo dirisha halifunikwi na jingine. Madirisha hugawana skrini yote, na mtumiaji huyaamuru kwa kibodi badala ya kipanya. Madirisha huwekwa katika nyanja zenye nambari, aghalabu 1 hadi 9. Kitufe maalumu kikibonyezwa pamoja na nambari, uwanja husika hujitokeza.

Skrini ikiwa moja, hakuna utata. Ya pili inapochomekwa ndipo swali huzuka: uwanja ni wa nani?

Kwa xmonad, programu iliyotolewa mara ya kwanza mwaka wa 2007, nyanja zote ni za shirika. Mtumiaji akiuita uwanja, huja papo hapo alipo. Iwapo tayari unaonekana kwenye skrini nyingine, skrini hizo mbili hubadilishana. Hilo ndilo lililomwumbua mhadhiri: aliita somo, nazo barua zikaenda kushika mahali pake. Anayeogopa fedheha hiyo hubadilisha neno moja tu katika faili ya mipangilio, akaandika view palipokuwa na greedyView.

Programu ya i3, aliyoianzisha Michael Stapelberg mwaka wa 2009, ilikuwa na shabaha ya kulitatua suala la skrini nyingi tangu mwanzo. Humo kila uwanja una skrini yake. Mtumiaji akiuita uwanja ulio ukutani, hauji kwake. Yeye ndiye huhamishiwa huko. Barua zitasalia pale pale. Hata hivyo, hapa pia pana mtego: dirisha jipya hufunguka kule aliko mtumiaji kwa wakati huo, na akisahau kwamba yuko ukutani, atafungulia mambo yake huko huko.

Nayo dwm hutenganisha kabisa. Kila skrini ina seti yake ya lebo 9, na kubadilisha lebo upande huu hakugusi upande wa pili. Kwa mtu anayesimama mbele ya hadhira, huu ndio utaratibu salama zaidi, ingawa humlazimu kukumbuka ni lebo gani iko wapi.

Kabla ya hayo yote, sharti skrini zipangwe kwa amri ya xrandr, inayoeleza ipi iko kulia na ipi kushoto. Wengi husahau hatua hii, kisha wakailaumu programu.

Projekta inapochomolewa, i3 huzihamishia nyanja zenye madirisha kwenye skrini iliyosalia, kwa hivyo kazi haipotei. Ikichomekwa tena, uwanja uliokwisha kuandikiwa skrini hiyo katika faili ya mipangilio hurejea wenyewe. Kwa dwm madirisha hayarudi. Mwenyewe huyasukuma moja baada ya jingine, huku wanafunzi wakingoja.