Chipsi mayai mchana na jioni: mboga na matunda viko wapi?

Morogoro ni mji uliojaliwa vyakula. Magari yanayoteremka kutoka Mgeta, katika milima ya Uluguru, huleta sokoni kabichi, karoti na mboga nyingine nyingi. Mji huohuo una Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, kilichoanzishwa mwaka 1984, na vyuo vingine. Hata hivyo, tulipoketi na wanafunzi wachache mjini humo na kumwomba kila mmoja ataje alichokula tangu jana yake, majibu yalifanana: chapati na chai, wali maharage, chipsi mayai, soda. Tunda lilitajwa na mmoja tu. Alikuwa amekula ndizi moja.

Wengi hudhani sababu ni ukosefu wa fedha. Ni kweli kwa sehemu, hasa bumu linapokwisha kabla ya muhula kwisha. Lakini fungu la mchicha ni nafuu kuliko sahani ya chipsi. Shida kubwa ni mahali pa kupikia. Hosteli nyingi haziruhusu kupika chumbani, na mama lishe huweka mboga kijiko kimoja pembeni mwa sahani. Tena yapo mazoea: kijana aliyelazimishwa kula mlenda nyumbani huona chipsi kuwa ndio uhuru. (Nasi tulipita hukohuko, hatuna ubavu wa kuwalaumu.)

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima ale angalau gramu 400 za mboga na matunda kwa siku, yaani kama mafungu matano ya kujaa kiganja. Viazi na mihogo havimo katika hesabu hiyo. Kwa hiyo sahani ya chipsi, hata ikiwa kubwa namna gani, ni sifuri. Kachumbari iliyo juu yake ndiyo inayohesabiwa.

Msichana mmoja katika kikundi hicho alitueleza kwamba alikuwa akisinzia darasani na kuishiwa pumzi akipanda ngazi. Alidhani ni uvivu, na alikaribia kuahirisha mitihani. Zahanati ilimpima na kukuta damu yake ni pungufu. Hayuko peke yake: utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba takriban wanawake 42 katika kila 100 wa umri wa miaka 15 hadi 49 nchini Tanzania walikuwa na upungufu wa damu. Malaria na minyoo huchangia pia, kwa hiyo anayejisikia hivyo aende kupimwa kwanza, asijitibu kwa mchicha.

Lakini chakula kina nafasi yake. Madini ya chuma yaliyomo katika maharage na mboga za majani hayanyonywi kirahisi mwilini. Vitamini C huyasaidia; chai inayonywewa pamoja na mlo huyazuia. Pera, ambalo wengi hulidharau kuwa tunda la watoto, lina vitamini C nyingi kuliko chungwa. Mboga nazo zisichemshwe hadi zipauke na maji yake kumwagwa, kwani vitamini hiyo hupotea. Mafuta kidogo katika mchicha au matembele huusaidia mwili kupata vitamini A.

Tunda halihitaji jiko. Nunua zima, lioshe kwa maji safi na salama, na limenye mwenyewe. Vipande vilivyokatwa na kuachwa wazi barabarani vinaweza kukuletea homa ya matumbo. Fuata msimu: machungwa katikati ya mwaka, maembe kuelekea Krismasi, ndizi na papai karibu mwaka mzima.

Yule msichana alipewa vidonge. Pamoja na hayo, yeye na wenzake watatu walikwenda kwa mama lishe wao wakamwomba apunguze wali na kuongeza mboga, kwa bei ileile. Mama alicheka, akakubali. Mapera wanakuja nayo wenyewe, na chai wanakunywa saa moja baadaye.