Kuchemsha hakuondoi floraidi

Swali limenifikia tena wiki hii, safari hii kutoka kwa mzazi wa Kayole, Nairobi: mtoto ameota meno ya kahawia, je, achemshe maji ya kisima mara mbili badala ya moja? Kabla yake aliuliza mwenzake wa Umoja, na kabla ya huyo, mwingine wa Pipeline. Jibu ni lile lile. Hata ukichemsha mara kumi, floraidi inayotia meno rangi hiyo itabaki sufuriani, tena kila lita itakuwa nayo nyingi zaidi.

Tufanye hesabu. Teka lita 10 zenye miligramu 3 za floraidi kwa lita: sufuriani mna miligramu 30. Mvuke hubeba maji peke yake. Zikibaki lita 8, zile miligramu 30 zimo zote, na kila lita sasa ina 3.75. Kiwango cha juu cha Shirika la Afya Duniani, ambacho Kenya pia inakifuata, ni 1.5. Mpishi yeyote anajua kwamba mchuzi uliozidi chumvi hauponi kwa kuongezewa moto. Kwa nini tunayaamini maji kufanya tofauti?

Wengi hudanganywa na ukoko mweupe wa birika. Wanaukwangua na kusema chumvi ndiyo hiyo imetoka. Ukoko ule kwa sehemu kubwa ni chokaa. Floraidi haionekani, na kwa viwango hivi hata ulimi hauitambui.

Wala si uchafu wa viwandani. Nairobi imekaa juu ya miamba ya volkeno, na maji yanayokaa humo miaka mingi huinyonya floraidi kutoka kwenye mwamba. Kama yangekuwa na kalisi ya kutosha, kalisi ingeikamata floraidi na kuigandisha. Maji yetu mengi ya chini yana sodiamu kwa wingi na kalisi kidogo, kwa hiyo floraidi inabaki huru. Ndiyo maana sifa ya “maji yetu ni laini, sabuni inatoa povu upesi” hainitulizi hata kidogo. Kwa miamba hii, ulaini huo ni sababu ya kupima.

Dawa ya klorini huua viini, haigusi floraidi. Chujio la mshumaa na mkaa wa kawaida, vivyo hivyo. Shabu ina chembe ya ukweli: India walibuni njia ya Nalgonda, inayotumia shabu na chokaa kwa vipimo vya maabara. Kipande unachokoroga kwenye mtungi wa lita 20 hutuliza tope tu, na ukizidisha kwa kukisia, unajiachia alumini ndani ya maji. Hata hivyo endeleeni kuchemsha, kwa ajili ya kipindupindu na homa ya matumbo.

Na tafadhali, acheni kumsugua mtoto meno kwa mkaa au kumwita mchafu. Alama zile ziliingia jino likiwa bado linajijenga ndani ya ufizi. Miaka ya hatari ni hadi minane hivi.

Cha kufanya, basi. Maji ya kisima yawe ya kufulia na kudekia. Ya kunywa, ya uji na hasa ya kukorogea maziwa ya unga yatoke kwenye mfereji siku ya zamu, kwa kuwa yale ya mabwawa ya Ndakaini na Sasumua ni ya mito ya milimani, au yawe ya mvua baada ya bati kuoshwa. Yakiwa haba, changanya nusu kwa nusu na ya kisima. Floraidi itakaribia kupungua nusu. Ukinunua kwenye mashine za kusafisha maji, uliza kama zina utando wa kuchuja chumvi na ulibadilishwa lini. Mkaa wa mifupa hufanya kazi, na mradi wa maji wa Dayosisi Katoliki ya Nakuru umeutumia kwa miaka mingi, lakini huchoka na lazima ubadilishwe.

Kila kisima kina kemia yake, kwa hiyo majibu ya plotini kwa jirani si yako. Chukua sampuli kwa chupa ya plastiki, siku ambayo tangi lina maji ya kisima pekee, uipeleke kwenye maabara ya Mamlaka ya Rasilimali za Maji. Kwenye fomu andika floraidi kwa jina. Cheti ambacho wenye nyumba wengi hubandika ukutani ni cha viini tu.