Mtoto Mwenye Kifafa na Utukutu: Wazazi Wasiachwe Peke Yao



Katika ziara zetu sharikani tunakutana na wazazi waliokwisha kushinda nusu ya vita. Mtoto wao alikuwa anaanguka, wakampeleka kliniki, akaanzishiwa dawa, na kuanguka kukapungua. Lakini sasa hatulii, anapiga wenzake, halali usiku. Majirani husema hakufunzwa adabu, wengine husema ana pepo. Hapo ndipo baadhi ya wazazi huacha kumpa dawa. Makala hii inaeleza utukutu huo unatoka wapi, na kwa nini kuacha dawa ni hatari.

Chanzo cha kwanza ni ubongo wenyewe. Kifafa ni ugonjwa wa ubongo. Hakiambukizi kwa mate wala kwa kula sahani moja. Kwa watoto wetu huweza kutokana na kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, malaria kali, homa ya uti wa mgongo au kuumia kichwa. Dhara lililoleta kifafa laweza pia kugusa sehemu ya ubongo inayomwezesha mtoto kutulia, kusubiri na kusikiliza.

Pili, kuna kifafa kisichoangusha. Mtoto hukodoa macho, haitiki anapoitwa, hutafunatafuna au huvutavuta nguo kwa muda mfupi. Anayemwona hudhani ni kiburi. Hata baada ya kuanguka anaweza kuchanganyikiwa na kumsukuma anayemshika. Kumchapa hakusaidii, kwa kuwa hajui alitendalo.

Tatu ni dawa. Fenobabitoni ni ya bei nafuu na imewasaidia wengi nchini kwa miaka mingi. Hata hivyo, watoto wengine huwafanya wahangaike na kukasirika upesi. Wazazi wakiona hivyo wasikatishe dawa ghafula. Kifafa huweza kurudi kwa nguvu, mshtuko juu ya mshtuko bila kukatika, na mtoto akafa. Njia salama ni kurudi kliniki na kueleza yote. Mganga anaweza kupunguza dozi, au kubadilisha dawa polepole.

Nne ni hofu ya wazazi. Wakiamini kwamba mtoto akilia ataanguka, humpa kila anachotaka. Mtoto hujifunza hilo haraka. Ndugu zake hukanywa, yeye haguswi.

Malezi yafanyike namna gani? Baba, mama na bibi wakubaliane amri chache zilezile, na kila mmoja azisimamie. Mtoto aambiwe jambo moja kwa maneno mafupi, na akitenda vema asifiwe papo hapo. Akifanya fujo, aondolewe penye hatari, asubiriwe atulie, kisha amri ibaki palepale. Alale saa ileile kila siku, maana kukosa usingizi huchochea kifafa. Apewe kazi ndogo kama wenzake, kama vile kulisha kuku, lakini asiachwe peke yake karibu na mafiga, kisima au mto. Wengi wenye kifafa wana makovu ya moto.

Tunashauri pia kila familia iwe na daftari. Waandike siku mtoto alipopata kifafa, kilichukua muda gani, amekunywa dawa au la, na tabia yake ilivyokuwa. Daftari hilo humsaidia mganga kutambua kama fujo zinatokana na ugonjwa, dawa au malezi.

Kamati za sharika zina kazi tatu. Ya kwanza, mtoto apokelewe shule ya Jumapili, na walimu wajue la kufanya akianguka: wamlaze ubavu, waondoe vitu vya kuumiza, wasimtie kitu mdomoni, na kifafa kikizidi dakika 5 wamkimbize hospitali. Ya pili, apatikane mtu wa kumkalia mtoto walau mara moja kwa juma, ili mama apumzike. Ya tatu, wazee wa kanisa waitembelee familia, kwanza wasikilize. Katika Marko 9 Yesu alimwuliza baba mambo haya yameanza lini, kabla ya kumponya mwana. Tuombe pamoja na wazazi, na dawa iendelee.

Kwa marafiki wanaotuchangia: Shirika la Afya Duniani linasema hadi asilimia 70 ya wenye kifafa wangeweza kuishi bila kuanguka kama wangetibiwa ipasavyo. Kinachokwamisha familia nyingi ni nauli ya kliniki na dawa kuisha zahanati. Mchango unaolipia nauli na dawa ya akiba humkinga mtoto asikatishe dozi.

Tunaziomba kamati zitambue familia hizi kwa staha, na kutuletea taarifa katika kikao cha robo mwaka kijacho.